Mrejesho: Kindi wa darini, Ottawa

Wadau, Februari niliuliza jinsi ya kuwatoa kindi wanaokimbizana darini kwangu hapa Ottawa kila alfajiri. Wamehama.

Wengi mlisema niwatege nikawaachie mbali. Hilo sikulifanya. Sheria ya Ontario, mkoa wetu hapa Kanada, inataka mnyama uliyemtega umwachie ndani ya kilomita 1, tena kindi hawalali msimu mzima wa baridi kama dubu; ukimtupa ugenini kwenye theluji bila akiba yake ya chakula, huenda akafa. Aliyenifaa ni dada aliyesema nisubiri, maana baridi ikielekea kuisha ndipo wanapozaa. Ukiziba tundu mapema, mama anabaki nje na atatoboa paa kuwarudia watoto. (Fundi mmoja alitaka kuziba siku hiyohiyo, kwa bei ya kutisha.)

Nikangoja hadi Juni, watoto walipoanza kutoka wenyewe, nikaweka kwenye tundu lao kimlango cha springi kinachofunguka kwa nje tu. Kelele zilipokwisha nikaziba kwa wavu wa chuma, kwani mbao wanaitafuna. Kagueni na umeme: waya wangu mmoja ulikuwa umemenywa hadi shaba. Sasa natafuta wa kukata tawi linalogusa paa.