Linux inatambuaje ukubwa wa skrini?

Swali: Ndugu zangu, nimeunganisha skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 kwenye kompyuta yangu ya Linux, lakini inaonyesha 1024 kwa 768 pekee. Tatizo liko wapi?

Jibu: Ndugu, kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) husoma EDID, yaani maelezo ya angalau baiti 128 ambayo skrini yenyewe huyatuma kupitia kebo, kisha huchagua mpangilio unaofaa; kebo ya VGA ambayo nyaya zake za mawasiliano hayo zimekatika huuacha mfumo ukikisia. Badilisha kebo kwanza.

Jibu: Naongeza kwamba uangalie kama neno nomodeset limebaki kwenye amri za kuwashia kompyuta, kwa kuwa huizuia kerneli kupanga skrini, kazi iliyoanza kuifanya mwaka 2009. Wengi huliweka wakati wa kusakinisha, wakasahau kuliondoa.

Muulizaji: Nashukuru sana. Neno hilo lilikuwepo. Nimeliondoa, na sasa maandishi yanasomeka vizuri.