Kabini ya ndani au ya balkoni kwenye meli ya utalii: tupeane uzoefu

Nahodha_wa_Kochi
Wakuu, salaam. Mimi na mwenzangu safari tumekubaliana, meli tumekubaliana, tumebaki kubishania kabini. Yeye anataka balkoni, anasema hapandi meli akalale kama nguo za msimu uliopita. Mimi naona chumba ni cha kulala na kuoga tu, mchana kutwa mtu yuko sitahani. Tofauti ya bei yenyewe inalipia matembezi yote ya bandarini. Waliolala huku na kule watupe uzoefu. Mawakala wa safari mtupishe kwanza.

Zuhura_07
Umenikumbusha mbali. Giza la kabini ya ndani si lile la kuzima taa, hata mkono wako huuoni. Usiku wa kwanza niliamka nikiwa na hakika bado ni usiku wa manane, nikajigeuza, nikalala tena. Kufungua mlango nakuta watu wanarudi kutoka mjini na mifuko yao! Meli ilifunga gati tangu alfajiri, na basi la matembezi niliyoyalipia lilishaondoka bila mimi. Kuanzia siku hiyo nikawa nalala na televisheni imewashwa kwenye ile chaneli ya kamera ya mbele ya meli, sauti nimezima. Ikiwa nyeusi nalala, ikianza kuwa ya kijivu naamka.

Papasi
Hiyo ya kamera nakazia. Imeniokoa.

Kinyonga_Mweupe
Mimi giza hilo ndilo ninalolilipia. Nilikwenda Norway kiangazi, kule kaskazini kabisa ambako jua halizami. Watu wa balkoni walikuwa wanabana mapazia kwa vibanio, saa nane usiku mwanga unapenya pembeni. Mimi ndani nalala fofofo. Nikitaka kuona milima navaa koti napanda juu. Sitaha ya wazi inaona pande zote, balkoni inaona upande mmoja tu.

BintiMawimbi
Norway bila balkoni ni dhambi, tena bila haya unaisema hadharani. Mimi Glacier Bay, Alaska, niliitazama barafu ya Margerie nikiwa na joho la kuogea na kikombe mkononi. Kipande kinakatika, unakiona kinaanguka, kisha ndipo mlio unakufikia. Huko juu watu wanasukumana kwenye reli na simu zao. Na hiyo ya upande mmoja isikutishe, pale nahodha anaizungusha meli taratibu ili pande zote zipate zamu.

Kinyonga_Mweupe
Na zamu yako ikiisha unatazama maji. Hongera.

BintiMawimbi
Ile ni ghuba, mkuu, upande wa pili kuna milima vilevile. Fungua ramani kabla ya mdomo.

Papasi
Nyie mmeshaanza.

Fundi_wa_Ngama
Nimefanya kazi ya mitambo melini miaka mingi, naomba niseme kidogo. Kabla ya kuuliza ndani au balkoni, uliza iko wapi. Meli inapopanda na kushuka mawimbi, omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma) ndiko kunakonyanyuka sana, katikati kunatulia. Inapokwenda mrama kulia na kushoto, sitaha za juu zinayumba kuliko za chini. Anayelewa bahari achukue katikati na chini. Huko za ndani ziko tele, lakini balkoni nyingi ziko juu. Yaani mtu analipa zaidi ili atapike vizuri.

Jingine, fungua ramani ya sitaha uangalie juu yako kuna nini na chini yako kuna nini. Kabini iliyo chini ya bwawa la kuogelea utasikia viti vinakokotwa alfajiri. Iliyo juu ya ukumbi wa muziki, besi inakuja mpaka kwenye mto. Iliyo katikati ya sitaha mbili za vyumba ndiyo salama, iwe na dirisha au isiwe nalo.

MamaPacha
Fundi nakuheshimu lakini mimi kabini ya ndani ya katikati ndiyo iliyonimaliza. Tumbo linajua tunatembea, macho hayaoni chochote kinachotembea. Nilipohamia kwa dada yangu mwenye balkoni nikakaza macho kwenye upeo wa bahari, nikapona. Hewa safi na upeo, basi.

Mzee_wa_Tezi
Tufaha la kijani na biskuti kavu. Mabaharia wote watakwambia hivyo.

Fundi_wa_Ngama
Mabaharia niliowajua mimi walikuwa wanameza vidonge, mzee wangu.

Asiyelala
Nilikuwa napita tu lakini uzi umenitonesha kidonda. Mtu anasema anataka balkoni apate faragha. Faragha gani? Kati ya balkoni yako na ya jirani ni kiambaza chembamba, kina mwanya chini, kina mwanya pembeni. Ukipiga chafya jirani anakuombea afya.

Tulisafiri ukoo mzima wa mume wangu, wakwe wanaadhimisha miaka ya ndoa yao. Sisi balkoni, wakwe balkoni ya jirani, mawifi zangu mbele yao. Usiku mmoja mume akaniambia anashuka kunyoosha miguu. Mimi nikazima taa za ndani, nikatoka balkonini, nikakaa gizani nimejifunika shuka. Bahari imelala kabisa. Nakumbuka nilikuwa najiambia hapa hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda, na imekwenda pazuri.

Mara nasikia sauti ya mume wangu. Hajashuka popote. Yuko nyuma ya kiambaza, kwa mama yake.

Mama mkwe anauliza, "Sasa utamwambia lini?" Mume anajibu, "Tukirudi. Nisimharibie safari." Wifi mkubwa akadakia, "Safari yenyewe kalipia nusu, na kiwanja kimeshauzwa. Mwambie tu."

Kiwanja. Kiwanja chetu cha kujengea, ambacho mwezi huo huo nilikuwa nimetoka kulipia matofali.

Jamani sikupumua. Niliogopa hata kiti kisilie. Nikasikiliza mpaka nikajua kimeuzwa kwa sababu gani (deni la shemeji, nani mwingine) na nani aliyesaini. Walipoagana nikainuka nirudi ndani, nikasukuma mlango wa kioo, na wakati huo huo mume anafungua mlango wa korido. Wanaojua wanajua. Milango miwili ikiwa wazi kwa pamoja upepo unapita chumbani kwa hasira. Mlango wa korido ulijibamiza kwa kishindo, nadhani na nahodha aliamka. Tumebaki tunatazamana, mapazia yanapepea usoni mwake. Nikamwuliza, "Matofali nimepanga wapi?"

Nikashuka mapokezi na ndala zangu. Meli imejaa. Imebaki kabini moja ya ndani, chini, mbele kabisa, karibu na nanga. Kijana wa mapokezi akaniambia mama, tukifika bandari ya kutia nanga utaisikia. Nikamwambia nipe. Namba ya chumba sikumwambia mtu. Nikalala humo mpaka mwisho wa safari. Giza, kimya, hakuna kiambaza cha mtu. Na kweli asubuhi moja minyororo ilishuka nikadhani inapita chini ya mto wangu. Sikujali. Mimi ni wa kabini ya ndani hadi nife.

Papasi
SASA KIWANJA KIKAWAJE???

Zuhura_07
Dada pole sana. Nimesoma nimesimama.

Kinyonga_Mweupe
Mimi nilisema tangu mwanzo, ndani.

BintiMawimbi
Mume ndiye mbaya hapo, balkoni imekosa nini? Bila balkoni angejuaje? Balkoni imemwokoa.

Mzee_wa_Tezi
Mwanangu, pole. Lakini sisi tulifundishwa kwamba mazungumzo ya mama na mwanawe hayasikilizwi gizani. Ungekohoa wajue upo.

Asiyelala
Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote: nilikuwa balkonini kwangu, nimelipia nusu.

Papasi
Nusu ya kushoto au ya kulia?

Dunia_Mzigo
Hii chai. Mkwe gani anasema siri kwenye balkoni?

Zuhura_07
Dunia_Mzigo hujawahi kulala balkoni basi. Mimi jirani zangu nilijua majina ya wajukuu wao wote, na wanatumia dawa gani. Watu wakiona bahari wanasahau kwamba kuna watu.

Nahodha_wa_Kochi
Dada Asiyelala pole, tuko pamoja. Ila wakuu, mimi bado sijabuku.

Fundi_wa_Ngama
Turudi. Hilo la milango ni kweli, nimeona vidole vilivyobanwa. Mtu akigonga, funga kwanza mlango wa balkoni ndipo ufungue wa korido. Usiache wa balkoni wazi usiku kucha ukidhani unapata hewa. Meli nyingi kiyoyozi cha chumba kinajizima ukiufungua, na unyevu wa bahari unaingia mpaka kwenye shuka. Usianike nguo kwenye reli, hutaziona tena. Wenye balkoni za mbele, usiku mkiombwa kufunga mapazia fungeni, mwanga wenu unawaziba macho walio zamu kwenye daraja la nahodha.

Na sigara. Machi 2006 meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, moto ukaanzia balkonini usiku, inaaminika ni kipande cha sigara kilichotupwa. Vigawanyo na samani za balkoni zilikuwa za plastiki, moto ukapanda sitaha kwa sitaha. Abiria mmoja alifariki. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa baada ya hapo, vifaa vya balkoni visiwe vya kushika moto ovyo. Kwa hiyo ukikatazwa kuvuta balkonini usimfokee mhudumu.

Dunia_Mzigo
Lakini kwa usalama balkoni ni bora. Meli ikipata shida unatoka nje moja kwa moja.

Fundi_wa_Ngama
Unatoka nje kwenda wapi? Kuruka? Ukisikia king'ora unakwenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia, na njia ni korido ile ile, uwe na balkoni au usiwe nayo. Jifunze njia hiyo siku ya kwanza, uhesabu milango kwa mkono, maana moshi hauonyeshi namba.

MamaPacha
Mmesahau Yokohama. Februari 2020, Diamond Princess, watu zaidi ya 3,700 ndani, abiria wamefungiwa vyumbani wiki mbili kwa sababu ya korona. Wa kabini zisizo na dirisha walikuwa wanatolewa kwa zamu kutembea kidogo sitahani, barakoa usoni, kisha wanarudishwa. Mimi nilipoona zile picha nikaapa, ndani tena basi.

Kinyonga_Mweupe
Mtu unachagua chumba cha mapumziko kwa kufikiria karantini? Basi nunua na jeneza kabisa.

MamaPacha
Punguza maneno. Waliokuwamo nao walikwenda mapumziko.

Kinyonga_Mweupe
Sawa mama, nimeyafuta.

Zuhura_07
Hujayafuta, yapo hapo juu.

BintiMawimbi
Nahodha_wa_Kochi, nikupe njia ya tatu kabla hawa hawajapigana. Kuna kabini zenye dirisha lisilofunguka, bei yake katikati. Ila soma maandishi madogo: zikiandikwa mandhari yamezibwa, mara nyingi kilicho mbele ya dirisha ni boti ya kuokolea. Kuna pia balkoni zinazotazama ndani ya meli yenyewe, Oasis of the Seas ilizianzisha 2009, unatazama bustani na watu wanaokula, bahari huioni. Halafu zile za ndani zenye skrini ukutani inayoonyesha bahari moja kwa moja kutoka kamera za nje. Disney Dream ya 2011 ilikuwa na madirisha ya duara ya namna hiyo. Watoto wanazipenda.

Papasi
Skrini ina faida moja. Mama mkwe hasikiki.

Mzee_wa_Tezi
Familia yenye wakwe au watoto wakubwa: chukueni balkoni moja na ya ndani moja, zinazotazamana korido. Balkoni inakuwa sebule ya wote, wa ndani wanakwenda kulala tu. Sisi tulifanya hivyo, wazee tukapewa balkoni.

Asiyelala
Na mkae mkijua nani yuko nyuma ya kiambaza.

Zuhura_07
Usichukue ile ya kuwaachia kampuni wakupangie chumba kwa bei ya chini, kama unalewa bahari. Unaweza kupandishwa daraja, unaweza kupewa omo.

Papasi
Mimi naichukua kila mara. Naipenda kamari.

Dunia_Mzigo
Asiyelala, tuambie basi. Kiwanja?

Asiyelala
Si ulisema chai? Kiwanja kimerudi. Mume bado.

Papasi
😂😂😂 Nahodha funga uzi.

Nahodha_wa_Kochi
Sifungi, mwenzangu ndiyo kwanza amefika kwenye barafu ya Alaska. Tukiwa na safari ya siku nyingi za bahari tupu?

BintiMawimbi
Balkoni. Siku za bahari ndizo za balkoni.

Kinyonga_Mweupe
Ndani. Siku za bahari meli nzima iko wazi, chumbani unafanya nini?

Fundi_wa_Ngama
Bahari tupu ya wapi? Ukiwa unavuka Atlantiki kwa upepo, utaitazama hiyo balkoni kupitia kioo zaidi ya kuikalia.

Mgeni_Njiani
Samahani wakuu, nimechelewa. Kabini ya ndani ina friji? Mama yangu anatumia insulini.

Fundi_wa_Ngama
Mara nyingi kuna kijifriji, lakini vingi ni vya kupoza vinywaji tu, ubaridi wake usiutegemee kwa dawa. Waandikie kampuni kabla ya safari, kampuni nyingi huleta friji ya dawa chumbani ukiomba mapema. Ndani au balkoni ni sawa tu.