Gari la otomatiki kwenye foleni: niiache gia kwenye D au niirudishe N?

Mwalimu, Uyole:
Habari za jioni ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu wa magari ya otomatiki. Ninaishi Uyole na kazi yangu iko Mbalizi, kwa hiyo kila siku ninalivuka jiji lote la Mbeya kwa barabara kuu ileile inayotumiwa na malori ya Tunduma, na foleni ikishika Mafiati au Mwanjelwa ninasimama na kuondoka mara nyingi mno. Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004. Aliyenifundisha kuendesha alisisitiza kwamba kila ninaposimama niitoe gia D (ya kwenda mbele) na kuiweka N (huru) ili giaboksi ipumzike, nami nimefanya hivyo kwa miaka miwili bila kuhoji. Tangu baridi ya Juni ianze, nikirudisha D asubuhi gari linashtuka na kugonga chini ya miguu yangu, hadi chupa ya maji iliyo kando ya kiti inatikisika. Jioni, ninapopanda mwinuko wa Iwambi nyuma ya malori, huwa ninakanyaga mafuta kidogo ili gari lisirudi nyuma, na wiki iliyopita nilisikia harufu ya kitu kilichoungua. Nakosea wapi?

Dereva, Makambako:
Mwalimu, mimi pia huweka N, lakini pale tu ninapoona foleni haitasogea karibuni. Mguu unapumzika na mtetemo wa injini unapungua. Kwa kusimama kidogo sioni faida yake.

Fundi, Mwanjelwa:
Pole, Mwalimu. Ninafungua giaboksi za namna hiyo mara kwa mara, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu. Kati ya injini na giaboksi yako kuna toko konveta, ambayo ndani yake ni kama feni mbili zinazotazamana katika oili: moja inazungushwa na injini, nyingine inapokea msukumo wa oili na kuupeleka kwenye gia. Ukisimama kwenye D huku umekanyaga breki, feni ya pili inatulia na ya kwanza inaendelea kuikoroga oili polepole. Joto linalotokea hapo ni dogo, na oili inapopita kwenye kipozeo chake joto hilo linaondoka, kwa sababu gari limeundwa kusimama hivyo. Kinachochosha ni kule kutoka N kwenda D kila baada ya nusu dakika, kwani kila mara pleti za klachi zilizo ndani zinalazimika kubana upya.

Mshtuko wa asubuhi una sababu nyingine juu ya hiyo. Katika baridi yetu, injini ikiwashwa huzunguka haraka hadi ipate joto, mara nyingi zaidi ya mizunguko 1,200 kwa dakika, na ukiingiza D wakati huo pleti zinabana kwa kishindo. Subiri mshale wa mizunguko ushuke, kisha ingiza D mguu ukiwa kwenye breki. Kagua pia maunting, yaani vishikizo vya mpira vya injini, maana mpira uliokatika unakuza mshtuko huo.

Lakini lililonitia hofu katika maelezo yako ni la Iwambi. Kulishikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki ndiko kunakoiunguza oili, kwa kuwa injini inasukuma kwa nguvu na gari haliendi, na nguvu yote hiyo inageuka kuwa joto ndani ya konveta. Tafadhali acha leo hii. Kanyaga breki, au vuta breki ya mkono, uiachilie unapoondoka.

Mama, Igawilo:
Nakubaliana na fundi, na ninaongeza jambo la usalama. Huku kwetu ukungu ukishuka, taa za breki ndizo zinazomwonyesha wa nyuma kwamba umesimama. Ukiweka N na breki ya mkono, taa hizo zinazimika. Mimi sitoi mguu kwenye breki mpaka gari la nyuma yangu lisimame.

Mwalimu, Uyole:
Ahsanteni sana. Je, P (ya kuegesha) nayo inafaa kwenye foleni ndefu?

Fundi, Mwanjelwa:
Kama lori limeharibika mbele na watu wameshashuka kwenye magari, ndiyo. Ila vuta kwanza breki ya mkono, ndipo uingize P, kwa sababu P inalizuia gari kwa kijino kimoja cha chuma, na si vyema kijino hicho kibebe uzito wote kwenye mwinuko. Usiingize P gari likiwa bado linasogea. Nawe upime oili ya giaboksi, injini ikiwa moto na inaunguruma, ukipangusa kijiti kwa kitambaa cheupe.

Mwalimu, Uyole:
Nimerudi na majibu baada ya siku nne. Kitambaa kilitoka na doa la kahawia lenye harufu ya kuungua, ilhali oili isiyoharibika ilipaswa kuwa nyekundu. Tumeibadilisha kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na maunting moja imekutwa imechanika. Asubuhi hii nimesubiri mshale ushuke ndipo nikaingiza D, na chupa ya maji haikutikisika. Jioni nitapanda Iwambi kwa breki.