Kiwanja kipo Kigamboni, nyumba bado. Naweza kuanza kupanda miti?

dada_wa_ng'ambo:
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Nina kiwanja huku Kigamboni, 20 kwa 20, nimekilipia kidogokidogo mpaka kikaisha. Kujenga labda miaka miwili mitatu mbele huko Mungu akijalia, ila bustani nishaiona kichwani kitambo, kila nikiwa kwenye pantoni naipanga upya. Nataka mwembe dodo nitandike mkeka chini yake jioni, mlimao karibu na jiko, mkrismasi pale getini yale maua mekundu ya Desemba, na yasmini dirishani maana bibi yangu Temeke alikuwa nayo, magharibi ikiingia uwanja mzima unanukia, anatunga vikuba sisi wajukuu tunamshikia uzi. Sasa udongo ni mchanga mtupu na majirani wanasema maji ya kisima yana chumvi. Kipi kitakubali, kipi nisahau?

mzee_wa_miche:
Hongera sana binti yangu. Mwembe panda sasa hivi wala usingoje nyumba, chukua mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kitawi cha mwembe unaozaa, huo miaka 3 au 4 unaanza kuzaa, ukipanda kokwa utasubiri sana. Lakini kabla hujashika jembe kaa na fundi mjue nyumba inakaa wapi, shimo la choo wapi, gari la kunyonya maji taka litapita wapi, halafu pigeni vigingi vya alama. Nauza miche barabarani miaka mingi na nimeona miembe inakatwa ndo kwanza imetoa maua, kisa imekutwa juu ya msingi, inaniuma kila mara. Upe mita 8 mpaka 10 kutoka ukuta wa nyumba, kwa 20 kwa 20 mwembe ni mmoja tu, usidanganyike na miche midogo. Mkrismasi kwa kiwanja hicho sikushauri, mizizi yake inatambaa juujuu inanyanyua pevingi na ukuta unapasuka. Kama unapenda rangi getini weka bogenvilia, jua kali na mchanga ndo raha yake.

jirani_mjimwema:
Hapo kwenye chumvi usipuuze dada. Mimi nilipoteza milimao miwili, nilikuwa namwagilia maji ya kisima kila siku nikijua naitunza kumbe naiua, majani yakaanza kuungua kwenye ncha afu yakapukutika yote. Jamii ya limao na chungwa haipendi chumvi kabisa. Mlimao uache mpaka uwe na bati la kukinga maji ya mvua na simtanki. Mnazi ndo wa kwetu huku, ile mifupi inazaa mapema, ila isiwe sehemu utakayopaki gari au watoto watacheza. Na mchanga haushiki maji, kwaiyo chimba shimo kubwa, sentimita 60 kwenda chini na upana hivohivo, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri ndoo mbili tatu, juu tandaza majani makavu na makumbi ya nazi. Panda masika yakianza, Machi, mti ushike mizizi kabla ya kiangazi cha Juni.

mama_wawili:
Nyie wote mmesahau mbuzi jamani!! Kiwanja hakina ukuta, mche wako utadumu siku mbili. Zungushia matawi ya miiba kila mche, na pembeni mwa kiwanja anza michongoma mapema, ukija kujenga imeshafunga. Afu mdogo wangu, yasmini usinunue. Kama ile ya bibi ipo, kata kitawi kilichokomaa kidogo, shibiri moja, toa majani ya chini, chomeka kwenye kopo la mchanga na mboji, weka kivulini, udongo uwe na unyevu tu usilowe. Wiki nne mpaka sita kitakuwa na mizizi. Kaa nayo kwenye ndoo hapo hapo ulipopanga, utahama nayo.

dada_wa_ng'ambo:
Shikamoo mzee wangu, asante sana, na nyie wote asanteni. Mkrismasi nimeuacha, roho inauma ila nimeelewa. Mama wawili umenigusa mno, bibi hayupo lakini nyumbani yupo shangazi na yasmini bado ipo pale karibu na bomba, nimempigia sasa hivi anasema Jumamosi niende asubuhi kabla jua halijawa kali, nibebe na kitambaa kibichi cha kufungia vitawi.