Mada: Babu mwenye shamba enzi za Mwingereza, Maryland – tunahakikishaje?

Kutoka: Mama Neema, Salisbury, Maryland

Wanandugu, habari za huko mliko. Mama mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa huku huku upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Kila sikukuu lazima tusimuliwe habari za babu wa mababu aliyekuwa huru, mwenye shamba lake, kabla nchi hii haijaitwa Marekani. Sasa binamu mmoja ametoa mtandaoni mti wa ukoo unaopanda moja kwa moja hadi kwa Anthony Johnson, Mwafrika huru mwenye shamba wa miaka ya 1600. Mama amefurahi mno, anataka tuchapishe fulana za mkutano wa ukoo. Mimi nina shaka, ila mkamwana akianza kubisha mambo ya ukoo wa watu mnajua mwisho wake. Nianzie wapi, bila kulipa kampuni?

Jibu: Mzee Baraka, Baltimore

Mwanangu, mfikishie mama mkwe salamu zangu. Anthony Johnson alikuwepo kweli, na tunamjua kwa sababu hakuwa mtu wa kukosekana kortini. Aliletwa Virginia mwaka 1621, karani akamwandika Antonio basi, bila jina la pili. Mwaka 1651 akapata ekari 250 kaunti ya Northampton. Koloni lilikuwa likitoa ekari 50 kwa kila mtu uliyemlipia nauli ya meli, naye alitaja watu watano. Mwaka 1653 moto ukamwunguzia mali, akaomba nafuu, korti ikamsamehe mkewe Mary na binti zao wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Bila moto ule, huenda mabinti hao tusingewasikia kabisa. Mwaka 1655 korti hiyo hiyo ikamrudishia John Casor, Mwafrika aliyedai kwamba mkataba wake wa utumishi umekwisha, ikaamua ni mtumwa wake maisha yote. Hilo nalo mtalipangia nafasi kwenye fulana.

Baadaye familia ilihamia Somerset, Maryland, ikakodi ekari 300 zilizoitwa Tonies Vineyard. Alipofariki mwaka 1670, wazee wa baraza kule Virginia wakasema marehemu alikuwa mtu mweusi, kwa hiyo ni mgeni, na ardhi aliyomwachia mwanawe ikachukuliwa. Mjukuu wake John alinunua ekari 44 mwaka 1677, akaziita Angola.

Haya yote ni ya kweli na hayathibitishi lolote kuhusu mama mkwe wako. Wenye jina la Johnson wamejaa kila kaunti, weusi kwa weupe. Anayeanza na babu maarufu akashuka atampata mjukuu yeyote anayemtaka. Wewe anza na mama mkwe, panda kizazi kimoja kimoja, na usivuke kwenda kingine kabla hujashika karatasi inayosema fulani ni mtoto wa fulani.

Kuna kipimo cha haraka. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu weusi wote, kwa sababu utumwa ulikuwa umekwisha. Lakini waliokuwa huru kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomaliza utumwa wanaonekana kwa majina katika sensa za 1850 na 1860, pamoja na thamani ya ardhi yao. Kama ukoo ulikuwa huru na wenye shamba tangu Mwingereza, watafute humo. Wakiwemo, tafuta pia vyeti vya uhuru vilivyotakiwa Maryland kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1800: vinataja kimo, makovu, na kama mtu alizaliwa huru au aliachiwa, na nani.

Ukipita hapo, angalia ramani kabla ya kuwasha gari. Kaunti yenu ya Wicomico ilizaliwa mwaka 1867, ikamegwa Somerset na Worcester, nayo Worcester ilikuwa imetoka Somerset mwaka 1742. Karatasi za shamba lililo jirani yako leo zinaweza kuwa za Princess Anne au Snow Hill, makao makuu ya Somerset na Worcester. Nyingi ziko Annapolis kwenye Nyaraka za Jimbo, na hati za ardhi unazisoma nyumbani bure.

Uzuri wa Maryland ni kwamba mashamba yalipewa majina. Watu walikufa, wakaoa, wakabadilisha tahajia, lakini jina la shamba liliendelea kuandikwa kwenye hati baada ya hati. Kwa hiyo fuata shamba, wenye shamba watajitokeza. Ninachokipenda zaidi ni mashauri ya mipaka. Alama ilikuwa mti, labda mwaloni uliochanjwa, na mti ukianguka majirani waligombana. Hapo waliitwa wazee kuapa, kama tunavyofanya kwetu mtu akihamisha mpaka usiku: mzee anataja umri wake, nani alimwonyesha mti ule akiwa kijana, na shamba lilikuwa la nani wakati huo. Unaweza kupata vizazi vitatu kwenye ukurasa mmoja.

Jibu: Dada Rehema, Richmond, Virginia

Naongezea kwa upande wa Virginia. Maktaba ya jimbo hapa Richmond imeweka mtandaoni hati za kugawiwa ardhi kuanzia 1623, na kesi za mirathi na kugawana mali unazitafuta kwa jina la ukoo. Bure.

Tahadhari mbili. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1653 ya karani mara nyingi ni 1654 yetu. Watu huishia na mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, kumbe ni kalenda tu. Pili, mtoto wa kwanza wa kiume kukosekana kwenye wosia haimaanishi alikuwa amekufa au amelaaniwa. Baba asipoiandikia wosia ardhi yake, sheria ilimpa yeye yote, basi wengine waliandika wosia kwa ajili ya wadogo tu.

Na mkisoma hati ya mauzo, isomeni mpaka mwisho. Mke alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi akiwa mjane, hivyo mnunuzi mwerevu alitaka naye akubali kuiachia. Hapo ndipo jina lake linapopatikana.

Kutoka: Mama Neema

Asanteni sana. Fulana nimeomba zingoje kwanza, kwa kisingizio cha bei. Shangazi wa mama mkwe ana Biblia yenye majina ya waliozaliwa. Hataki itoke nyumbani. Picha za simu zinatosha?

Jibu: Mzee Baraka

Zinatosha. Piga kurasa zote za majina, halafu piga na ukurasa wa mbele wenye mwaka wa kuchapwa. Kama Biblia imechapwa 1890 na mtu wa 1810 ameandikwa humo kwa wino na mwandiko ule ule wa wajukuu, ujue aliandikwa kwa kukumbukwa au kunakiliwa. Usiitupe, ila tarehe hiyo itafutie shahidi wa pili. Na muulize bibi mwenye Biblia ni nani aliyekuwa akiandika.