Mtoto wa wiki nne analia kila usiku na hataki kulazwa: naomba ushauri

Mama Mpya

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mama wa mara ya kwanza, na binti yangu anatimiza wiki nne kesho kutwa. Mchana ni mtoto mpole anayenyonya na kulala bila shida, lakini ikifika saa moja jioni huanza kulia, akakunja miguu hadi tumboni na kukaza ngumi huku uso ukimwiva, na hali hiyo huendelea hadi saa nne au saa tano usiku. Akisinzia begani kwangu ninamlaza taratibu, ila mgongo ukigusa tu godoro hurusha mikono yote miwili kama mtu anayeanguka, kisha kilio kinaanza upya. Usiku wa manane hulala, lakini hugunaguna na kujinyonganyonga sana, nami humnyanyua kila mara nikidhani ameamka.

Kliniki wamempima na uzito umeongezeka vizuri. Hana homa, na nepi zinazolowa ni saba au nane kwa siku. Hata hivyo watu wa karibu wananiambia kwamba maziwa yangu hayamtoshi, na jana mmoja wao ameniletea chupa ya dawa ya gesi ili nimpe matone machache. Sijampa bado. Naomba mnieleweshe analia kwa sababu gani na nimtulizeje, kwa maana juzi nilichoka hadi nikalia pamoja naye.

Mama Watatu

Pole sana, mdogo wangu, na hongera kwa kujifungua salama. Nianze na maziwa, kwa kuwa naona ndilo neno lililokuchoma zaidi. Mtoto anayeongezeka uzito na kulowesha nepi sita au zaidi kwa siku anashiba. Hakuna kipimo kingine unachokihitaji. Watoto wa umri huo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na mara hizo hazigawanyiki sawasawa, kwani wengi hunyonya mfululizo jioni, titi hili na lile, kana kwamba hawajaonja kitu tangu asubuhi.

Usingoje alie ndipo umnyonyeshe. Akianza kulamba midomo, kugeuza kichwa akitafuta titi, au kupeleka ngumi kinywani, ndiyo njaa hiyo inaanza. Aliyekwisha kulia kwa nguvu hulishika titi vibaya na kumeza hewa nyingi, kwa hiyo mtulize kwanza kifuani, ngozi kwa ngozi, ndipo umpe titi, na akimaliza mweke wima begani hadi abeue.

Dawa hiyo iache kabatini. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji kingine zaidi ya maziwa, hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na daktari.

Muuguzi wa Watoto

Naunga mkono aliyosema dada hapo juu. Kilio unachokieleza, mama, kina mwenendo unaojulikana: huanza kuongezeka mtoto akiwa na wiki mbili hivi, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi kufikia miezi mitatu au minne. Nakwambia mapema kwamba huenda wiki mbili zijazo zikawa ngumu zaidi, ili usije ukadhani kuna ulichokiharibu. Tangu mwaka 1954 madaktari wamekuwa wakiita msokoto wa tumbo kilio cha mtoto mzima wa afya kinachozidi saa 3 kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 3, lakini jina hilo halithibitishi kwamba tumbo ndilo linalouma. Kukunja miguu na kuwiva uso ni namna ambavyo mtoto yeyote hulia, hata akiwa anasumbuliwa na uchovu au mwanga tu.

Jambo ambalo ningependa ulizingatie zaidi ni huko kugunaguna kwa usiku wa manane. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi, ambamo macho huchezacheza chini ya kope, pumzi huenda mbio kisha ikatulia, midomo hunyonya hewa, na mwili hujinyoosha kwa sauti za kukoroma au hata kilio kifupi, ilhali mtoto amelala. Ukimnyanyua wakati huo, wewe ndiye unayemwamsha. Basi ukisikia sauti, sogea umtazame bila kuwasha taa, uhesabu polepole hadi sitini. Akifumbua macho au sauti ikizidi kupanda, mchukue, ikishuka, mwache. Pia bado hajui usiku na mchana, kwa kuwa saa ya mwili huanza kujipanga kuanzia miezi miwili hivi. Umsaidie kwa mwanga na mazungumzo mchana, na kwa giza na ukimya unapomnyonyesha usiku.

Mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi akifikisha joto la nyuzi 38, akitapika matapishi ya kijani, akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida, au kilio kikibadilika kuwa chembamba na kikali kisichofanana na chake.

Baba wa Mmoja

Mimi nichangie kuhusu kumlaza tu, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nikimbeba na kutembea naye dakika tano mfululizo bila kusimamasimama, na akishasinzia nakaa naye dakika nyingine tano hadi nane kabla ya kumlaza. Wakati wa kumlaza niinamapo humshikilia karibu na kifua changu, hutanguliza makalio, kisha mgongo, na kichwa mwisho, halafu huacha kiganja juu ya kifua chake hadi mikono ilegee. Ule mrusho wa mikono ni mshtuko wa kuzaliwa nao. Hutoweka wenyewe baada ya miezi michache.

Akilia bila kutulia, mvue soksi ukague vidole. Sisi tulikuta unywele wa mama yake umezunguka kidole cha mguu hadi kikavimba.

Mgeni wa Juzi

Wangu alitulia alipolazwa kifudifudi. Jaribu.

Muuguzi wa Watoto

Naomba asijaribu, ndugu yangu, ingawa najua umesema kwa nia njema. Kumlaza kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto akiwa usingizini, na vifo hivyo vilipungua sana katika nchi zilizoanza kuhimiza wazazi, miaka ya mwanzo ya 1990, wawalaze watoto chali. Alazwe chali kila mara, juu ya godoro gumu lisiloinama, bila mto wala blanketi zito. Kifudifudi juu ya mkono wako, akiwa macho nawe ukimtazama, ni sawa.

Na wewe mama, ukihisi hasira au mikono kutetemeka, mweke chali kitandani mwake, toka nje ya chumba kwa dakika chache, umwite mwenzako. Kulia kitandani hakutamdhuru, ila kutikiswa hata mara moja kunaweza kuumiza ubongo wake.

Mama Mpya

Nawashukuru nyote. Usiku wa jana aligunaguna saa nane, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikihesabu, na nilipofika arobaini na moja akanyamaza, akalala hadi saa tisa na nusu. Jioni alilia vilevile, saa tatu nzima, lakini baba yake alimchukua nusu ya muda huo nami nikapata kuoga.