Mrejesho: Mpiga solo niliyechoshwa na gitaa

Wakuu, mwezi wa tatu nililia hapa: napiga solo bendi ya dansi Dar, siku sita kwa wiki, na gitaa limenikinai kabisa. Asanteni sana kwa ushauri.

Niliomba kupunguziwa ziwe siku tatu. Kiongozi alinuna wiki nzima, akakubali nne. Kipato kimeshuka, kodi ya nyumba inanibana. Kulala mapema siku za mapumziko bado kunanishinda.

Ila aliyesema nifundishe watoto gitaa, Mungu ambariki! Juzi mwanafunzi wangu mmoja alibana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, zikalia safi. Akarudia mpaka kidole kikaota alama. Usiku ule nilipiga gitaa sebuleni saa nzima, bila shoo, bila malipo.